Bunduki ya Nyumbani na Mikono Itakayoishika

Mwanamume wa Tulia, huko Kitui, aliye kazini Nairobi au Mombasa, na aliyeacha nyumbani mama mzee, mke, watoto na mbuzi kadha wa kadha, akisikia habari za wezi wa usiku huweza kufikiri kwamba dawa yao ni bunduki. Akiuliza ni bunduki ipi, wajuzi wa barazani humjibu upesi: ya marisau, ile ya kuvuta na kusukuma, kama zile wanazochukua walinzi wa mabenki huko Tanzania. Jibu hilo si la kipumbavu. Lakini limeruka swali lililotakiwa kutangulia, nalo ni hili: ni nani atakayeishika?

Yafaa kwanza silaha yenyewe ijulikane. Chini ya mtutu wake mna bomba la kuwekea risasi, na juu ya bomba hilo pana mshiko. Mpigaji akiuvuta mshiko nyuma, ganda tupu hutoka. Akiusukuma mbele, risasi mpya huingia. John Browning, fundi wa Marekani, ndiye aliyebuni ile ya Winchester ya mwaka 1897, na ilipoonekana katika mahandaki ya Vita Kuu, Wajerumani waliipinga rasmi mwezi wa Septemba 1918, wakidai kwamba haistahili kutumiwa vitani. Remington 870, iliyotoka mwaka 1950, imeenea duniani pote. Sifa yake kubwa ni kwamba haitegemei nguvu ya risasi ili kujijaza. Mkono wa mtu ndio uifanyao kazi hiyo. Na hapo hapo ndipo palipo na kasoro yake. Mtu mwenye hofu huuvuta mshiko nusu tu, kisha akausukuma, na bunduki ikakwama wakati ule ule alipoihitaji. Asiyezoezwa ni heri awe na bunduki ya mitutu miwili, ya kukunja katikati, ambayo hata mtoto wa shule aweza kuona kama ina risasi ndani au haina.

Sasa sheria. Katika Kenya mtu hanunui bunduki kwanza kisha akaomba ruhusa. Sheria ya Silaha, iliyotungwa mwaka 1953 na kurekebishwa mara nyingi baadaye, yataka cheti kitangulie, na mwombaji aonyeshe sababu ya haki, tabia njema, akili timamu, na mahali salama pa kuiweka. Hata wale waliokuwa na vyeti waliamriwa mwishoni mwa mwaka 2018 wakapimwe upya. Tena cheti hicho ni cha mtu, si cha nyumba. Sheria haisemi kwamba boma fulani la Tulia lina bunduki; yasema kwamba Bwana fulani anayo. Basi Bwana huyo akirudi kazini Nairobi na kuiacha bunduki chini ya kitanda cha mkewe ambaye hana cheti, hakumwachia ulinzi, bali amemwachia kosa la jinai. Na akienda nayo Nairobi, mbuzi wa Tulia hawana mlinzi. Hapo ndipo shauri la watu wengi huishia, ingawa hawajui kwamba limekwisha.

Wengine husema watainunua kwa ajili ya kuwinda. Ni kweli kwamba Wakamba ni wawindaji wa asili, na sifa ya upinde wao na sumu ya mti wa ivai ilifika mbali. Lakini uwindaji wa wanyama kwa bunduki ulipigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Mei 1977, wala cheti cha silaha hakimpi mtu ruhusa ya kumpiga paa au kanga. Nyani wakivamia mahindi, habari ipelekwe kwa Shirika la Wanyamapori. Na kwa mchezo wa kulenga visahani virukavyo, kanuni za mashindano ya kimataifa haziikubali kabisa bunduki ya kuvuta na kusukuma. Wachezaji hutumia zaidi ile ya mitutu miwili iliyopandana.

Yabaki, basi, mwenye shamba akaaye nyumbani siku zote, aliyekwisha kupata cheti. Huyu ashauriwe nini? Saizi ya kawaida ni namba 12, maana yake ni kwamba risasi 12 za duara zenye upana wa mtutu wake hufanya uzito wa ratili moja. Mtu mwembamba huenda akaumia bega kwa kishindo chake, akakoma kujizoeza; huyo atwae namba 20. Kitako kipimwe begani kama wazee walivyopima upinde kwa mkono wa mwenyewe. Asidanganywe na maneno kwamba marisau hutawanyika hata kulenga hakuna haja. Ndani ya chumba, hatua nne tu, yale marisau hutoka pamoja na kupiga mahali pa ukubwa wa ngumi. Zile punje kubwa, nane au tisa katika risasi moja, hupenya mlango wa mbao na bati bila taabu, na nyuma ya bati hilo huenda ikawa ndipo walalapo watoto, au jiko la jirani. Mwenye nyumba asimame mchana mlangoni pake, ahesabu ni upande gani awezao kuelekeza mtutu bila kumwelekea mtu wake. Katika maboma mengi atakuta upande mmoja tu, pengine hakuna hata mmoja.

Wawindaji wa zamani walikivika kigumba chenye sumu utepe wa ngozi, ili sumu isikauke na mtoto asichomwe, wakauvua dakika ya mwisho tu. Bunduki nayo hutaka sanduku la chuma lililofungwa kwa parafujo ukutani, risasi ziwe mahali pengine penye kufuli, na ufunguo ukae kwa yule mmoja ambaye jina lake limeandikwa katika cheti.