Ndani ya Kikombe Kuna Nini?



Kijana mmoja wa korali ameuliza: "Mchungaji, mbona kikombe cha Meza ya Bwana hakina ladha moja katika makanisa yetu?" Swali zuri. Kwetu zabibu si kama muhogo. Kila kanisa linatafuta linachoweza kupata. Mimi natembelea makanisa mengi, nimeonja vingi. Sikieni.

Divai ya kweli. Ndugu zetu wa madhehebu mengine wanaitumia. Niliyoonja ilikuwa nyekundu sana, kali, tena inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Ule ukali wa kukausha unatoka katika ngozi na mbegu za zabibu, na rangi vilevile inatoka ngozini. Nyingi inatoka Ulaya ao Afrika Kusini, na bei yake si ya mchezo. Lakini hata jirani zetu wa Tanzania wanalima mizabibu kule Dodoma, penye ukame, nao wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Zabibu kavu. Wamama wanazichemsha, wanazikamua na kuchuja kwa kitambaa. Maji yake si mekundu, ni ya rangi ya chai. Utamu ni mzito, karibu na asali. Mimi naipenda hii: ni tunda la mzabibu kweli, na pakiti moja inatosha watu wengi.

Maua mekundu ya ngai-ngai. Kwa macho, hakuna kinachoipita. Ni chachu, inaamsha kinywa. Bila sukari wazee wanakunja uso. Bei ni ndogo, mmea unaota nyuma ya nyumba.

Marakuja. Harufu inajaza kanisa mbele ya kuonja. Rangi ni ya manjano, na wengine wanasema haifanani na damu. Ladha ni safi sana.

Soda nyekundu. Tamu kama bonboni, gazi inapanda puani. Watoto wanaitaka mara ya pili, na hapo ndipo shida: wanakumbuka soda, wanasahau Bwana.

Maji ya ndizi. Ya leo ni matamu, laini. Ya juzi ni kitu kingine. Kule Mongbwalu, ndugu mmoja mchimbaji aliyekuwa ameacha lotoko alipokea kikombe, akakirudisha bila kunywa. Nilipoonja, nilielewa: yalikuwa yamekwisha kuchachuka. Kisha ibada akaniambia, "Mchungaji, pua yangu inajua. Nikianza hapa, nitamalizia kule chini kwa wauzaji." Hakuna mzee aliyetaka kumdhuru. Bidoni ililala siku mbili katika joto, basi.

Jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1860 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba kupasha divai moto kunaua vijidudu vinavyoiharibu. Mwaka 1869, kule Vineland, Marekani, daktari wa meno Thomas Bramwell Welch, Mmetodisti, alitumia njia hiyo kwa maji ya zabibu, ili kanisa lake lipate kikombe kisicholevya. Chachu ni kitu hai: inakula sukari, inatoa pombe na gazi. Moto ukiiua, na chupa ikifungwa vizuri, maji yanabaki maji ya matunda.

Basi mashemasi, fanyeni hivi. Chemsheni chupa na vifuniko. Pasheni maji ya matunda mpaka mvuke utoke sana. Jazeni yangali moto, fungeni mara moja. Fungueni chupa Siku ya Mungu asubuhi, si mbele. Kinachobaki kisingojee juma lingine.

Injili zinataja kikombe na tunda la mzabibu. Hazitaji bei wala chupa. Mimi sitagombana na mtu juu ya rangi. Lakini Paulo, katika 1 Wakorinto 11, aliwakemea watu waliokuja mezani bila kumfikiria mwenzao, huyu na njaa, yule amelewa. Katika machimbo yetu tunajua ginsi lotoko imekula mishahara, ndoa na hata macho ya watu. Kwa hiyo ladha ya kwanza ya kuangalia si ile ya ulimi wako. Ni ile atakayoisikia ndugu aliye dhaifu kuliko wote katika benchi lako.

Zungumzeni nyumbani: Kanisani kwetu nani anatayarisha kikombe? Nani kati yetu anaweza kujikwaa kwacho?