Jina la Mwenzio ni Mali Yake



Mchele wa Kyela hauhitaji kutambulishwa. Harufu yake hufika mezani kabla ya sahani. Kwa sababu hiyo wapo wafanyabiashara ambao huchukua mchele wa kwingine, wakautia magunia na kuuuza mijini kwa jina la Kyela. Mkulima wa Ipinda husikia uchungu, na ana haki. Hakuibiwa gunia, ameibiwa jina, na jina hilo ndilo linalompa bei.

Tunauliza: mbona uchungu huo hatuusikii tunapouza na kununua simu?

Saa sita usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2012. Kabla ya usiku ule wananchi walitakiwa kubonyeza *#06# ili waione namba ya utambulisho ya simu, kisha waihakiki. Wengi waliokuwa wamenunua kwa nia njema walibaki na kopo lisiloita. Je, ni wauzaji wangapi waliorejesha fedha za watu?

Wapo wasemao kwamba makampuni ya nje ni matajiri, hayadhuriki. Ni kweli kwamba matajiri hao nao hugombana. Mwaka 2011 Apple ya Marekani iliishitaki Samsung ya Korea Kusini kwa kuiga umbo na ubunifu wa simu yake. Mwaka 2012 jopo la mahakama huko California liliamuru fidia ya zaidi ya dola bilioni 1. Kesi ikazunguka hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2018 wakapatana. Lakini tuangalie tofauti. Wale walibishana hadharani, kila mmoja akiuza kwa jina lake. Mwenye simu bandia huvaa jina la mwenziwe ili mnunuzi asijue.

Sheria yetu haikukaa kimya. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lililokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, uandishi na uvumbuzi ni haki za wenyewe zenye thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Utajiri wa mwenye mali hauihalalishi mali yake kwa mwingine.

Nasi tunakumbuka jinsi Mtume (SAW) alivyopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Simu yenye jina la uongo ni rundo lile lile.

Hatusemi kila mtu anunue simu ya bei kubwa. Simu ya bei nafuu inayouzwa kwa jina lake yenyewe ni halali. Simu iliyotumika, au iliyotengenezwa na fundi, ni halali pia, maadamu muuzaji ameeleza hali yake. Kilichoharamishwa ni udanganyifu.

Kwa hiyo tunawausia wenye maduka, kuanzia Kyela mjini hadi Kasumulu mpakani na Matema ufukweni: aliyeuza bandia huku akijua, toba yake haikamiliki kwa istighfari peke yake. Fedha ya mnunuzi bado ni deni shingoni mwake, hata ikiwa imepita miaka. Amtafute, amrejeshee au amwombe radhi. Na mzazi anayemnunulia mwanawe simu yenye jina la wizi huku akijua, atamfundisha vipi uaminifu?

Sisi Waislamu wa Kyela ni wachache miongoni mwa majirani zetu. Wao hawasomi vitabu vyetu. Husoma mizani yetu na maneno yetu dukani. Tukitaka jina la mchele wetu liheshimiwe Dar es Salaam, tuyaheshimu majina ya wenzetu hapa hapa.

Wabillahi tawfiq.