Bogoro mpaka Kasenyi: tengenezeni njia kabla ya Bonane

Kila mwisho wa mwaka wakubwa wanatoa tangazo: watu washerehekee kwa utulivu, wasinywe kupita kiasi, motari wasikimbie. Ni vizuri. Tunalisoma redioni, hata mara tatu kwa siku. Lakini tangazo halijazi shimo.

Hapa Ituri hatuna treni. Reli ya zamani iliyotukaribia iliishia Mungbere. Kwa hiyo mvua ikikata barabara ya kwenda Kasenyi, Noeli ya watu wengi imekatika. Ni kilometa 50 hivi za udongo. Bunia iko juu, karibu meta 1,275. Ziwa Albert liko meta 620 hivi. Maji yanateremka pamoja nasi, na pasipo na mtaro yanafuata alama za magurudumu. Baada ya mvua chache, alama imekuwa korongo. Ajali ikitokea tunasema dereva alilewa. Labda alilewa, lakini korongo halikulewa.

Ndugu zetu walio Kigonze na katika kambi nyingine wananielewa. Wao hawateremki kwenda kuogelea. Mama anatafuta makayabo ya kuuza, baba anakwenda kuona kama nyumba yake bado imesimama. Wanapanda watatu kwenye pikipiki moja, pamoja na mzigo, maana nafasi katika gari ni ghali. Sikukuu ikifika bei inapanda, nao wanapanda wanne. Kumwambia mama huyo "uwe mwangalifu" ni kumchekesha.

Njia ikiharibika, wengine wanajaribu maji, na huko tumelia sana. Tarehe 22 Machi 2014 boti lililojaa wakimbizi wetu waliokuwa wanarudi kutoka Uganda lilizama. Zaidi ya watu 200 walikufa. Siku ya Noeli 2016, upande wa Uganda, wachezaji wa mpira na mashabiki wao walizama. 30 hivi hawakurudi. Mara zote mbili boti lilizidishiwa watu.

Watanijibu: usalama kwanza, mashine haziwezi kupita penye watu wenye silaha. Sikubali. Njia mbovu ndiyo inayowasaidia. Gari likienda polepole kama mtu wa miguu, mwizi wa porini anangoja tu. Na askari wakiitwa usiku, wanapitia korongo lile lile.

Kwenye bariyeri tunalipa, motari kama vile lori. Anayelipa ana haki ya kuona mtaro. Salongo yetu inaweza kufyeka na kuzibua. Haiwezi kuweka mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara. Hiyo ni kazi ya Office des Routes na mashine zake.

Basi, kabla ya tarehe 20 Desemba, mashine ipite kwenye mteremko wa Bogoro. Na kule Kasenyi na Tchomia, awekwe mtu wa kuhesabu abiria na jile kabla boti halijaondoka. Asiye na jile ashuke, hata kama ni mheshimiwa.