Mgeni Asiyepiga Hodi

Juma lililopita nilishuka kituo cha mabasi cha Msamvu, Morogoro, kwa sababu ya barua. Aliyeiandika ni mama wa Kihonda, mfanyabiashara wa mboga. Hununua karoti, kabichi na njegere kwa wakulima wa Mgeta, huko juu katika milima ya Uluguru, akazipeleka Dar es Salaam. Hesabu zake zote, pamoja na bei na majina ya wateja, zimo katika kompyuta ya sebuleni, hiyo hiyo anayoitumia mwanawe anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine. "Ndugu Mwandishi," aliniandikia, "mara tatu sasa mshindani wangu amewapigia wateja wangu simu na kuwatajia bei pungufu kidogo ya ile niliyoiandika usiku uliotangulia. Je, kompyuta inaweza kusema siri?"

Inaweza. Zipo programu za kijasusi zilizotungwa makusudi zikae kimya ndani ya kompyuta, zirekodi kila herufi unayobonyeza, zipige picha za kioo, hata ziwashe kamera na kipaza sauti, kisha zimpelekee mtu mwingine yote hayo kwa njia ya intaneti. Mwaka 2015 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti kwamba programu ya FinFisher ilitumiwa nchini Uganda, baada ya uchaguzi wa 2011, kuwapeleleza wapinzani na waandishi wa habari katika operesheni iliyoitwa Fungua Macho. Serikali ya huko ilikanusha. Mwaka 2025 wataalamu wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walieleza kuwa programu ya FlexiSPY ilikutwa katika simu za watengeneza filamu wa Kenya, simu ambazo zilikuwa zimeshikwa na polisi. Na FlexiSPY haiuzwi kwa serikali peke yake. Hata mume mwenye wivu anaweza kuinunua.

Kwa hiyo usidhani jasusi wako lazima atoke ng'ambo. Aghalabu ni mtu aliyekwisha kukalia kiti chako: mwenzi, mpwa au fundi.

Wakazi wa Morogoro, mabomba yao yakitoa tope, hutazama mlimani na kuuliza nani amelima ukingoni mwa mto. Nasi tulifanya vivyo hivyo, mimi na kijana fundi niliyefuatana naye. Kwanza aliinama nyuma ya kompyuta. Kipo kidude, hakizidi kidole gumba, kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na mashine, nacho huhifadhi kila kiandikwacho. Kidude hicho hakikamatwi na programu yoyote ya ulinzi, ila kwa macho. Hakikuwapo. Kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikatokea orodha ya programu zinazofanya kazi wakati huo. Usizizime ovyo, msomaji. Nyingi zina majina ya kutisha lakini hazina hatia. Tazama pia zile zinazojiwasha zenyewe mashine inapoamka, halafu zipange programu zote kwa tarehe zilipoingizwa.

Hapo ndipo tulipoiona. AnyDesk, imeingia mwezi Machi, siku ile ile alipokuja fundi wa mtaani kutengeneza Windows.

AnyDesk ni programu halali. Maofisi huitumia kusaidiana kutoka mbali, na ndiyo sababu kilinzi cha Microsoft Defender hakikulalamika. Lakini hii ilikuwa imewekewa neno la siri la kudumu, hata mwenye kulijua aingie saa yoyote bila mtu wa nyumbani kumruhusu. Kijana alifungua kumbukumbu yake ya wageni: mara sita, zote usiku baada ya saa nne. Mama akaleta daftari lake la safari, akalinganisha tarehe. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Tulipiga picha kila kitu kabla ya kugusa. Halafu tukaiagiza Defender ikague mashine kabla Windows haijaamka, maana programu iliyojificha hukosa nafasi ya kujitetea wakati huo. Haikukuta jingine. Katika barua pepe zake hapakuwa na amri ya kupeleka nakala kwa mtu mwingine. (Nisijifanye mjuzi: mimi mwenyewe niliwahi kuacha barua pepe yangu wazi katika kompyuta ya steshenari moja kwa majuma mawili, nikagundua tu nilipotazama orodha ya vifaa katika akaunti yangu.)

Neno moja kwa akina mama, na akina baba pia. Ukimshuku mtu mnayelala naye nyumba moja, usikimbilie kufuta. Programu ikinyamaza ghafla atajua umegundua, na hasira yake yaweza kuwa mbaya kuliko upelelezi wenyewe. Tumia simu asiyowahi kuishika, mweleze ndugu unayemwamini, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa.

Mama alibadili maneno yake ya siri yote kwa kutumia simu ya dada yake, si kompyuta ile. Akanakili hesabu na picha peke yake, kisha kijana akafuta mashine nzima na kuweka Windows upya. Yule fundi alipopigiwa simu alisema alikuwa akiangalia kama mashine inaendelea vizuri. Usiku, mara sita? Kama ndiye aliyeuza bei, hatukuweza kuthibitisha. Picha zimo mikononi mwa mama, naye bado anashauriana na kaka zake kuhusu polisi.

Nilipoaga, kijana alikuwa akimalizia kazi yake. Mama alikuwa ameweka kigoda kando yake, ameketi, anatazama kila kitufe kinachobonyezwa.