Somo la Umeme Lianze na Hitilafu

Wengi wa wanachuo tunaowapeleka mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha wamezoea kulianza somo la umeme kwa fasili. Mwalimu huandika ubaoni kwamba sakiti ni njia ya mkondo wa umeme. Watoto hunakili madaftarini. Kisha huchorwa jiwe la tochi, swichi na balbu, na kengele hulia. Mimi naona utaratibu huu umewekwa miguu juu. Somo la umeme lafaa lianze na kitu kilichoharibika, na fasili zije baadaye, zitakapohitajika.

Rai hii haikunijia darasani, ilinijia sebuleni kwangu hapa Mpwapwa. Nyumba ninayokaa ina swichi moja ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita dima. Kazi yake ni kuongeza na kupunguza mwanga wa taa. Kwa miaka mingi dima hiyo iliendesha balbu mbili za wati 60, zile za zamani zenye utepe wa waya ndani, bila manung'uniko yoyote. Balbu zile zilipoungua nilinunua mbili za LED za wati 7 kila moja. Tangu siku hiyo taa zikawa zinametameta, hasa swichi inapozungushwa chini. Fundi niliyemwita alifunga dima mpya. Zikametameta vilevile.

Jioni moja walikuja wanachuo watatu kuchukua maandalio yao ya masomo, nami nikawaomba ushauri, nusu kwa haja na nusu kwa mtihani. Wa kwanza alisema mara moja, "Swichi imekufa, Mwalimu, tununue nyingine." Nikamwonyesha kasha la dima mpya. Wa pili alisema umeme wenyewe ni hafifu saa za jioni, lakini kabla sijamjibu alikwenda mwenyewe kuitazama taa ya jikoni, akaikuta imetulia, akarudi akiwa ameiacha hoja yake. Huyu nilimpenda. Wa tatu hakutoa jibu. Aliuliza tu, "Zilianza lini, Mwalimu, na kabla ya hapo palibadilishwa nini?"

Swali hilo moja lilikuwa na thamani kuliko dima niliyokwisha kuilipia. Hebu tuitazame sababu yake, kwa kuwa mwalimu asiyeielewa hataweza kuifundisha.

Umeme wa majumbani haumiminiki upande mmoja kama ule wa mawe ya tochi. Huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, kwa hiyo husukuma mara 100. Dima haiubani umeme huo kama mtu abanavyo mrija. Ndani yake mna kifaa cha silikoni ambacho, kila msukumo unapoanza, huungoja kitambo kidogo ndipo kinaufungulia njia. Ukizungusha kitasa chini, kinangoja zaidi, na sehemu ya msukumo inayofika kwenye balbu inakuwa ndogo. Zamani haikuwa hivyo: taa za majumba ya maigizo zilipunguzwa kwa vifaa vikubwa vya ukinzani vilivyougeuza umeme uliokataliwa kuwa joto tupu. Dima ndogo ya silikoni, inayoingia katika kisanduku cha ukutani, ilibuniwa na Joel Spira huko New York mwaka 1959.

Basi utepe wa waya katika balbu ya zamani, ukishapata moto, haupoi kabisa kati ya msukumo na msukumo, na jicho halioni mkatiko wowote. Balbu ya LED ina mitambo yake midogo ndani, na kama haikutengenezwa kwa ajili ya dima, vipande vile vya umeme huivuruga. Tena dima nyingi za zamani zilitengenezwa zikitarajia mzigo usiopungua wati 40 au 60. Balbu zangu mbili kwa pamoja zilikuwa wati 14. Swichi ilikuwa nzima, na balbu zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni ndoa yao.

Fundi anayejua kazi yake hufuata utaratibu. Kwanza huuliza lini na vipi. Kisha huangalia kama taa nyingine za nyumba zinatenda hivyohivyo; taa zote zikipanda na kushuka mwanga kwa pamoja, tatizo halipo kwenye dima, huenda waya wa nyutro umelegea mahali fulani, na hilo ni jambo la hatari la kuwaita TANESCO bila kukawia. Kisha husoma maandishi yaliyo kwenye balbu, kwa kuwa haligharimu kitu. Mwisho kabisa ndipo anapozima swichi kuu, anahakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, na kufungua kisanduku. Humo ataziona nyaya mbili, na asiyejua atadhani moja ni ya moto na nyingine nyutro. Sivyo. Dima ya kawaida hukaa katika njia ya waya wa moto peke yake: moto huingia kwa skrubu moja na kutokea kwa nyingine kwenda kwenye taa, na nyutro huenda moja kwa moja kwenye holda bila kupita swichini. Swichi ikifungwa kwa makosa katika nyutro, taa itazimika vizuri tu, lakini holda itabaki na moto, ikimngoja mtu wa kubadilisha balbu.

Wanachuo wasinielewe vibaya: kufungua kisanduku si kazi ya mwalimu, wala si kielelezo cha kuonyesha darasani. Ni kazi ya fundi mwenye leseni. La mwalimu ni ule utaratibu wa kabla ya bisibisi, na huo ndio ninaoutaka uingie katika andalio la somo.

Mtoto wa darasa la sita aliyezoea fasili akiona balbu ya tochi haiwaki, humtazama mwalimu. Hana la kuuliza, kwa sababu mchoro aliounakili haujawahi kuharibika. Kwa hiyo naeleza ninavyofanya mimi. Naandaa vibao vinne, kila kimoja na mawe mawili ya tochi, nyaya, swichi ya bati na balbu ndogo, na kila kimoja kina ugonjwa wake nilioutia kwa makusudi. Kimoja kina jiwe lililokwisha. Cha pili, jiwe moja limegeuzwa. Cha tatu, balbu imelegea kidogo tu. Cha nne waya umekatika ndani ya ngozi yake, na kwa nje hauonyeshi alama yoyote. Hicho cha nne huwapa jasho hata wanachuo. Sharti ni mawili. Kundi haliruhusiwi kugusa kitu mpaka liandike linashuku nini na litapimaje. Tena haliruhusiwi kubadilisha vitu viwili kwa mara moja, maana balbu ikiwaka halitajua kipi kiliponya.

Katika kazi hiyo watoto wenyewe huhitaji maneno. Mtoto akisema "njia imekatika", hapo mwalimu humpa neno sakiti, nalo hushika, kwa sababu tayari lina kazi ya kufanya.

Baada ya hapo ndipo inapofaa kuleta suala la kupunguza mwanga. Pasua penseli laini kwa urefu, utoe ule ujiti mweusi wa grafiti. Uunge katika sakiti, na waya mmoja usogezwe juu yake: ukisogea mbali mwanga hufifia, ukikaribia mwanga huongezeka. Darasa zima hushangilia. Lakini hapa nina maonyo mawili, na la kwanza ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Mtoto aliyeona penseli ikipitisha umeme ataijaribu penseli hiyo nyumbani. Wakati vijiji vyetu vingi havikuwa na nyaya, jaribio hilo lilikuwa salama kwa kukosa soketi. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nyaya zimefika mahali pengi, na umeme wa ukutani ni volti 230, hali mawe mawili ya tochi ni volti 3. Niliwahi kumwona mwanachuo akifundisha somo hili kwa ufundi mkubwa, akamaliza bila kutaja tofauti hiyo hata mara moja. Nilimpa alama za chini, akalalamika, nami sikuzibadilisha. Onyo hilo si nyongeza ya somo. Mtoto aeleze mwenyewe, kwa maneno yake, kwa nini penseli haikaribii soketi; kama hawezi, somo halijaisha.

Onyo la pili ni la ukweli. Penseli inafanana na vile vifaa vya zamani vya maigizo, haifanani na dima ya ukutani. Mwalimu akisema "hivi ndivyo dima inavyofanya kazi" atakuwa amefundisha uongo unaopendeza. Kwa dima nimeona baiskeli yafaa zaidi. Igeuze isimame juu ya usukani na kiti. Katika gurudumu la nyuma funga vipande 12 vya boksi juu ya spoki, ukiacha kati yake nafasi 12 zilizo sawa navyo. Tia chumba giza, mulika tochi kupitia gurudumu hadi ukutani, na mwanafunzi mmoja azungushe pedeli. Likienda polepole, mwanga huja na kutoweka. Likifika mizunguko kama 5 kwa sekunde, mwanga hukatika mara 60, na jicho huona mwanga uliotulia lakini hafifu kuliko wa tochi yenyewe. Panua vipande vya boksi, mwanga unafifia zaidi, na tochi haijaguswa. Punguza mwendo, na kule kumetameta kwa sebuleni kwangu kunarudi. Vidole viwe mbali na spoki, na mtoto mwenye kifafa asikalishwe mbele ya mwanga unaomemesa.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba haya ni ya madarasa madogo, na kwamba mwalimu mwenye watoto 90 hana nafasi ya vibao vinne. Ni kweli kwamba hana. Basi awe na kibao kimoja mezani, na darasa zima liwe daktari: mtoto anauliza, mwalimu anapima mbele yao, anatangaza alichokiona bila kusema jibu. Nimejaribu hivyo, na kelele zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa za maswali. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi. Sijui tutaijengaje kwa michoro isiyoharibika kamwe. Na jambo hili halihusu umeme tu. Mwalimu ambaye watoto wake wameshindwa kugawanya, naye akarudia somo zima la kugawanya tangu mwanzo, amenunua dima mpya. Angeuliza walianza kukosea lini, huenda angekuta wanagawanya vizuri na kukwama katika kutoa.

Mara nyingi kinachowazuia wanachuo si vifaa, ni hofu ya kusema "sijui bado" mbele ya watoto. Kibao chenye hitilafu kinaweza kumshinda mwalimu mwenyewe. Kimewahi kunishinda mimi, siku waya nilioudhani mzima ulipokuwa umekatika pia. Tulitafuta pamoja dakika 20, na mtoto wa nyuma ndiye aliyeupata.

Sebuleni kwangu fundi alirudi akaweka swichi ya kawaida, na balbu zilezile za LED zinawaka zikiwa zimetulia. Dima zote mbili, ya zamani na mpya, zimo katika kabati la zana chuoni, hazikuunganishwa na kitu chochote. Anayetaka kuzifungua aje na bisibisi yake.