KONA YA MWALIMU: Hapa mabenchi yanaoshwa

Mwezi huu sitaongea mambo ya madaftari wala ya watoto wanaochelewa kengele. Nitawaeleza habari ya mama yangu. Kabla ya kuandika nilimuomba ruhusa. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua maharage, halafu akasema: "Andika, lakini jina langu uliache. Na useme ukweli wote, hata ule wa harufu." Basi nausema.

Mwaka 2009 tulikuwa bado Kongo, upande wa Fizi. Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati watu wamekimbilia milimani. Hakukuwa na gari, hakukuwa na muganga, kulikuwa na bibi mmoja tu na maji ya moto. Uchungu ulichukua siku tatu. Mtoto alitoka amekufa. Siku chache baadaye mama akaona mkojo unatoka wenyewe, mchana na usiku, asiweze kuuzuia. Alifikiri utakoma. Tulivuka mpaka ukiwa unatoka, tukaletwa huku Kinama ukiwa unatoka.

Wengi wenu mnajua maisha ya kambi, nyumba kwa nyumba, ukikohoa jirani anasema pole. Sasa fikirini harufu. Siku ya kugawa chakula mama alikuwa anasimama mwisho kabisa wa mstari, hata akifika wa kwanza. Kuteka maji alikwenda wakati wenzake wamelala. Kwaya aliiacha, na alikuwa na sauti. Baba hakumfukuza, hilo namshukuru, lakini alihamia kulala upande wa pili wa plastiki. Kwenye kartie yetu walisema amerogwa, wengine walisema ni ugonjwa wa mwanamke mbaya. Na mimi, binti yake mkubwa, niliyekuwa nafua vile vitambaa kila asubuhi, kanisani nilikuwa nakaa benchi la mbali ili wenzangu wasiseme ni mama yangu. Nalisema hilo kwa sababu nimeahidi ukweli wote.

Aliyefungua njia ni mhamasishaji wa afya, mama mmoja aliyepita akiandika wenye mimba. Aliingia ndani, akakaa. Hakushika pua. Hakuuliza "una nini?" Aliuliza: "Mama, tangu lini?" Mama alilia mpaka yule mama akakosa pa kuandika. Mambo ya karatasi yalichukua muda, siyaelezi. Mwaka 2012 tukapewa ambilansi ya kwenda Gitega. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaenda kama mlinzi wa mgonjwa maana hakukuwa na mwingine.

Njia ni ile ya Karuzi. Mama alikalia plastiki na vitenge viwili vilivyokunjwa, na kila tukipita kona alimwomba dereva msamaha. Dereva hakufungua dirisha. Alimuuliza tu kama anasikia baridi.

Kituo kinaitwa Urumuri, yaani mwanga kwa Kirundi. Kilifunguliwa mwaka 2010 na Madaktari Wasio na Mipaka, wale tunaowaita MSF, kwenye hospitali ya Gitega, kwa ajili ya wamama wenye ugonjwa huu wa fistula. Tulipofika, mama alikataa kukaa. Alisimama karibu na ukuta, kama kawaida yake. Nesi mmoja akaja. Alikuwa mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, Kiswahili chake kitamu kama cha nyumbani. Akamshika mkono, akamwambia: "Kaa mama, hapa mabenchi yanaoshwa." Mama akakaa. Ilikuwa miaka mitatu hajakaa mbele ya mtu asiye wa nyumbani.

Nje kulikuwa na kamba za kuanikia. Vitambaa vilijaa, vya kila rangi, vimekatwa vile vile kama vyetu. Mama alivitazama, akaniuliza pole pole: "Wote hawa?"

Wote. Wengine wasichana wa miaka kumi na nane hivi, wengine nywele zimeota mvi. Kitanda cha pembeni alilala mama wa Ryansoro, kusini ya mji wa Gitega, ambaye alikaa na ugonjwa miaka tisa. Mume alikuwa ameoa mwingine. Yeye Kiswahili hajui, mama Kirundi hajui, lakini siku ya pili walikuwa wanachekana. Mimi ndiye niliyetafsiri kwa Kirundi cha shule, na mara nyingi nilitafsiri vibaya, ndiyo sababu ya kicheko.

Daktari alituelezea ugonjwa kwa maneno ya watu. Mtoto akikwama njiani siku nyingi, kichwa chake kinakandamiza nyama zilizo kati yake na mfupa wa mama. Damu haipiti tena pale. Nyama inakufa, inaanguka, panabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo unapita hapo. Saa ingine tundu linakuwa upande wa haja kubwa. Basi, hakuna mchawi. Mama aliuliza mara mbili: "Kwa hiyo si kosa langu?" Na mara mbili daktari akajibu, bila haraka, hapana. Mimi naamini nusu ya dawa aliipata hapo, kabla kisu hakijamgusa. Mnaweza kunicheka, mimi ni mwalimu, si muganga.

Walimpima kwa maji ya rangi ya bluu, waliyoyaingiza kwenye kibofu ili waone yanatokea wapi. Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya mgongo. Miguu ikafa ganzi lakini yeye macho, anasikia kila kitu. Alichoogopa si maumivu, aliogopa kulala uchi mbele ya watu wa heshima. Nesi wa Buyenzi aliingia naye kwenye bloku, akamfunika pasipohitajiwa, akakaa upande wa kichwa akimuuliza habari za Fizi: samaki gani, ziwa likoje asubuhi. Mama anasema waliposhona alikuwa anaeleza namna ya kukausha ndagala.

Baada ya hapo ni mpira mdogo wa mkojo, wao wanauita sonda, na maji. Maji, maji, maji! Kibofu lazima kiwe kinapumzika na mkojo uwe unapita daima, mpira usizibe. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vikombe. Kila asubuhi nesi alipitisha mkono juu ya shuka, akasema "kavu", na vitanda vyote vikasikia. Siku ya kumi na nne sonda ikatolewa. Usiku ule mama hakulala, aliogopa kulala. Asubuhi shuka ilikuwa kavu.

Ya mama wa Ryansoro ilikuwa imelowa.

Hapa ndipo nilipowaona waganga vizuri, maana kumfurahia aliyepona ni rahisi. Daktari alivuta kistuli, akakaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa. Akamwambia tundu lake lilikuwa kubwa na la zamani, halikufunga lote, wengine wanahitaji kupasuliwa mara ya pili, na nafasi yake ipo, arudi baada ya miezi mitatu. Hakuacha akilia peke yake. Nesi alibaki, akisema "ihangane, ihangane". Mama yangu, ambaye ndiyo kwanza kapata furaha yake, alipanda kitanda cha mwenzake kilicholowa, akalala naye mpaka wakati wa chakula.

Hatukulipa hata faranga moja. Tulirudi na masharti: asibebe ndoo wala kuni nzito, asikutane na mume miezi kadhaa mpaka aambiwe, na mimba nyingine asijaribu kuzalia nyumbani, azae kwa kupasuliwa hospitali. Baba aliitwa kwenye kituo cha afya, akaelezwa yote mbele ya mama. Alikubali. Kubeba ndoo hadharani kulimtesa, watu walimcheka, lakini alibeba.

Tuliporudi kwa kontroli tulimkuta mama wa Ryansoro kitandani, amepasuliwa mara ya pili, sonda bado ndani. Alitupungia mkono na kikombe cha maji.

Wazazi, naandika haya kwa sababu kwenye mabloku yetu nimeona tena vitambaa vinavyoanikwa usiku. Sitasema ni wapi. Dada au mama unayesomewa haya, nenda kituo cha afya cha kambi, omba kuongea na nesi peke yako, mwambie tangu lini. Nani wa kupelekwa wapi watakuambia wao. Ukiogopa kwenda peke yako, mama yangu amesema atakusindikiza. Niulizeni mimi shuleni, nyumba yetu nitawaonyesha. Na kwa wenye mimba: uchungu ukianza, msingoje siku ipite na usiku upite. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kuzaa hospitalini ni bure, hata kwa kupasuliwa.

Mwaka 2015 mama alizaa mtoto wa kiume, kwa kupasuliwa, mzima. Mnamjua. Ni mmoja wa hao wanaochelewa kengele, na mama ndiye anayemtetea.