Pompe kwenye tiyo ya wote si suluhisho, ni kumnyang'anya jirani maji

BARAKA, Fizi – Robine ikianza kutoa maji kidogo kidogo, shauri linalotolewa haraka ni moja: nunua pompe, ifunge kwenye tiyo, maji yatakuja. Shauri hilo ni baya, na wakaaji wa Baraka na Fizi wanapaswa kulikataa hata kama linatoka kwa fundi.

Pompe haitengenezi maji. Inavuta yale yaliyomo ndani ya tiyo. Ikiwa tiyo ya mtaa ina maji machache ya kugawana nyumba ishirini, nyumba moja ikiwasha pompe, zingine zinabaki na robine inayotoa hewa. Mama aliyekuwa akijaza bidoni moja kwa nusu saa sasa hapati hata kikombe. Kesho jirani naye anatafuta pompe kubwa kuliko ile ya kwanza. Inakuwa mwenye nguvu mpishe: maji ni ya mwenye pesa ya sola au ya mafuta ya jenereta, na wasio na pesa wanarudi kuchota ziwani.

Kuna hatari nyingine. Tiyo iliyojaa maji yenye nguvu, hata ikiwa na tundu, inamwaga maji nje. Lakini pompe ikivuta kupita kiasi, tiyo hiyo inageuka mrija: tundu lile lile linaingiza matope ya mfereji na uchafu wa choo kilicho karibu. Na mwenye pompe ndiye wa kwanza kuyanywa.

Hayo si maneno ya kutishana. Kipindupindu kinajulikana vizuri kandokando ya Ziwa Tanganyika, Uvira, Baraka hadi Kalemie. Watafiti waliofuatilia hali ya Uvira kati ya 2009 na 2014 waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya robine, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka sana katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na kukatika kwa maji. Basi anayekausha robine ya jirani anamsukuma kwenye ugonjwa, na ugonjwa huo haubaki nyumba moja.

Wenye pompe wana jibu lao: tunalipa, na watoto wetu nao wana kiu. Ni haki yao kutaka maji. Lakini anayelipia robine yake hajanunua ya jirani.

Tena njia safi ipo. Kwanza waulizwe majirani. Kama maji ni dogo katika nyumba moja tu, kosa liko ndani ya nyumba hiyo: chujio limeziba, vani haijafunguliwa yote, tiyo ni nyembamba au inavuja. Kama ni mtaa mzima, liwekwe tangi chini, lenye mfuniko na boya la kufunga maji likijaa. Tiyo ilijaze polepole usiku, watu wakiwa wamelala. Pompe ivute kutoka tangi hilo, kamwe si kutoka tiyo, na kupandisha maji kwenye tangi la juu. Kimo chenyewe ni nguvu: mita 10 zinatoa bar 1, na jukwaa la mita 3 linatosha kwa ndoo na jikoni. Jukwaa liwe imara, maana lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Nyumba mbili au tatu zinaweza kuchanga tangi moja.

Hata hivyo, tangi la mwananchi lisiwe kisingizio cha viongozi kulala. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka huduma ya maji mikononi mwa majimbo na tawala za chini. Wanaosimamia maji wapige marufuku pompe kwenye tiyo ya wote, wazibe matundu, kisha watangaze kwa redio saa za maji za kila mtaa na kuziheshimu.

Mpaka hapo, kila mwenye pompe iliyofungwa kwenye tiyo aiondoe leo. Maji anayoyavuta yana wenyewe, na wenyewe wako mlango wa pili.